Kuvuta chumvi ili kutibu kifua: Inamfaa nani Kasongo na Kabambare, na inamchelewesha nani?

Mtu akianza kukohoa kusini mwa jimbo la Maniema, dawa ya kwanza aghalabu hutoka jikoni. Ni chumvi kidogo katika maji ya uvuguvugu ya kusukutua koo. Au ni sufuria ya maji yanayochemka, yenye majani ya mkaratusi, mchaichai au limau, na kitenge kizito cha kujifunika kichwani ili mvuke usipotee. Wengi wamelelewa hivyo, na mafua yanapoondoka baada ya siku chache, sifa huiendea sufuria.

Lakini si kila kifua kinachokohoa kina mafua. Kuna pumu, ambayo wengi mashariki mwa Kongo huiita asma. Kuna nimonia ya watoto, kuna kifua kikuu, kuna mapafu yaliyochoshwa na moshi wa kuni na mengine yaliyojaa vumbi la mawe ya dhahabu. Magonjwa haya yote huanza kwa sauti moja, kikohozi, na hapo ndipo matatizo huanzia.

Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani, wagonjwa wa kifua hulipa ili wakae kwenye vyumba ambavyo kuta na sakafu zake zimefunikwa kwa chumvi. Mashine husaga chumvi kavu ikawa vumbi jembamba sana, ikalipuliza hewani, na mgonjwa akalivuta kwa muda wa nusu saa hadi saa moja. Tiba hiyo huitwa halotherapi, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya chumvi. Video zake hufika leo kwenye simu yoyote yenye intaneti, zikiahidi kusafisha mapafu bila dawa.

Kwa familia za Kasongo na Kabambare, ambako hospitali inaweza kuwa mwendo wa siku nzima kwa pikipiki, swali linakuja lenyewe. Kama chumvi inauzwa katika kila duka, je, haiwezi kuwa dawa ya kifua?

Jibu fupi ni kwamba maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa kipimo maalumu yana kazi inayojulikana hospitalini. Hata hivyo, hakuna ushahidi wa kutosha kuwa kuvuta chumvi kunatibu pumu, na hakuui vijidudu vya kifua kikuu wala vya nimonia. Mgonjwa anayekaa nyumbani akisubiri chumvi ifanye kazi ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu ugonjwa wake hausubiri.

Chumvi ya misafara na chumvi ya madaktari

Heshima ya chumvi katika eneo hili ni ya zamani. Katika karne ya 19, njia ya misafara ilitoka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika hadi Mtowa, ikapita Kabambare, ikafika Kasongo na kuendelea hadi Nyangwe kwenye mto Lualaba. Ni njia hiyo iliyokileta Kiswahili Maniema. Historia huikumbuka zaidi kwa pembe za ndovu na watumwa wa wakati wa Tippu Tip, hadi majeshi ya Dola Huru la Kongo yalipouteka mji wa Kasongo mwezi Aprili 1893.

Chumvi nayo ilikuwa bidhaa kubwa katika biashara ya ziwa hilo. Ilitoka kwenye chemchemi za Uvinza, mashariki ya Ujiji, ambako wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta dalili kwamba watu walichemsha maji ya chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Ilivushwa hadi ng'ambo ya magharibi na kubadilishwa na bidhaa nyingine. Ndani ya misitu ya Kongo, mbali na chemchemi hizo, watu walichoma mimea ya majini, wakachuja majivu yake na kupata chumvi ya aina nyingine, yenye potasiamu nyingi. Kitu kilichopatikana kwa jasho namna hiyo hakikudharauliwa, na si ajabu kwamba kiliingia pia katika tiba za nyumbani.

Wazo la kuivuta chumvi hadi mapafuni, kama linavyojulikana leo, lilitoka mahali pengine. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, daktari mmoja wa Poland, Feliks Boczkowski, alifanya kazi kwenye mgodi wa chumvi wa Wieliczka, karibu na mji wa Kraków. Alianza kuwatibu wagonjwa kwa chumvi ya mgodi huo, na aliandika kuhusu faida alizoona. Katika karne ya 20 kituo cha wagonjwa wa pumu na mzio kilifunguliwa chini ya ardhi mgodini humo. Baadaye, katika miaka ya 1980, madaktari wa Umoja wa Kisovieti walitengeneza vyumba vya chumvi vya juu ya ardhi, ili mgonjwa asilazimike kushuka mgodini. Vyumba vinavyoonekana leo kwenye video ni watoto wa vyumba hivyo.

Utafiti umeona nini

Mtu anayekaa katika pango la chumvi anapata mambo mengi kwa pamoja. Anapumzika. Yuko mbali na moshi, vumbi la barabarani na chavua za maua. Hewa haibadilikibadiliki. Akitoka na nafuu, si rahisi kujua kama kilichomsaidia ni chumvi, ni kupumzika, au ni kule kukaa mbali na moshi tu. Ndiyo maana watafiti hulinganisha makundi mawili ya wagonjwa, moja likipata tiba na jingine likiikosa.

Mwaka 2001, mtandao wa kimataifa wa Cochrane, unaochambua ushahidi wa tiba mbalimbali, ulikusanya majaribio ya tiba ya mapangoni kwa wagonjwa wa pumu. Yalipatikana matatu tu yaliyofaa, yakiwa na watoto 124 kwa jumla, na moja pekee ndilo lililofanywa kwa ubora wa kuridhisha. Mawili yalionyesha nafuu ya muda mfupi. Hitimisho lilikuwa kwamba ushahidi huo hautoshi kusema kama tiba hiyo inafaa.

Mwaka 2014, watafiti wa Australia walipitia kazi zilizochapishwa kuhusu vyumba vya chumvi kwa wagonjwa wenye njia za hewa zilizoziba kwa ugonjwa sugu, hasa wavutaji sigara. Nao hawakuona msingi wa kuipendekeza.

Utafiti mwingine, uliofanywa Israel na kuchapishwa mwaka 2017, uliwafuatilia watoto 55 wenye pumu nyepesi. Waliokaa kwenye chumba cha chumvi walionyesha kupungua kwa wepesi wa njia zao za hewa kushtuka na kubana. Hata hivyo, nguvu ya mapafu yao, inayopimwa kwa kupuliza kwenye mashine, haikuongezeka. Ni matokeo yanayostahili kufuatiliwa, lakini hayamruhusu mzazi yeyote kuiweka kando dawa ya mtoto wake.

Kuna jambo jingine ambalo matangazo huliacha. Kwa mgonjwa wa pumu, ukungu wa maji ya chumvi kali unaweza kubanisha njia za hewa papo hapo. Madaktari wanalijua hilo vizuri kiasi kwamba wanalitumia kama kipimo: mtu anayeshukiwa kuwa na pumu huvutishwa ukungu wa chumvi ya asilimia 4.5, na kifua kikibana, ni dalili kwamba ana pumu. Kipimo hicho hufanyika dawa ya kufungua kifua ikiwa tayari mkononi mwa mhudumu. Anayejaribu kitu kama hicho nyumbani, usiku, kijijini, hana ulinzi huo.

Pale ambapo chumvi ni msaada wa kweli

Pamoja na hayo yote, chumvi imepata nafasi katika hospitali kwa kazi chache zilizopimwa.

Ya kwanza ni matone ya pua. Maji yenye chumvi ya asilimia 0.9, yaani gramu 9 katika lita moja, yana uchumvi unaokaribiana na ule wa mwili. Hayachomi, na husaidia kulainisha makamasi ya mtoto mchanga aliyeziba pua, ili aweze kunyonya. Kwa kazi hiyo maji ni lazima yawe salama: yale ya hospitali yaliyofungwa, au maji yaliyochemshwa na kupozwa, kamwe si ya mtoni.

Ya pili ni kwa wagonjwa wa ugonjwa wa kurithi ambao hufanya makamasi ya mapafuni kuwa mazito kama gundi. Ugonjwa huo, unaojulikana kitaalamu kama sistiki faibrosisi, huwapata zaidi watu wenye asili ya Ulaya. Mwaka 2006, jaribio la Australia lililohusisha wagonjwa 164 lilionyesha kwamba waliovuta ukungu wa chumvi ya asilimia 7 mara mbili kwa siku, kwa wiki 48, walipata vipindi vichache zaidi vya kuzidiwa. Chumvi iliyavuta maji kuingia kwenye njia za hewa, makohozi yakalegea, ikawa rahisi kuyatoa. Hata hao, kabla ya kila zoezi, walipewa dawa ya kufungua kifua.

Kazi ya tatu ndiyo inayoihusu Maniema moja kwa moja. Ili kupima kifua kikuu, maabara huhitaji makohozi, na watoto wadogo hawajui kuyatoa, huyameza. Kwa miaka mingi njia iliyotumika ni kupitisha mpira puani hadi tumboni, mtoto akiwa na njaa alfajiri, kwa siku 3 mfululizo. Watafiti wa Cape Town, Afrika Kusini, walijaribu njia nyingine kwa watoto 250 waliolazwa, wengi wao wakiwa na umri wa miaka 2 kwenda chini. Waliwavutisha ukungu wa maji ya chumvi baada ya kuwapa dawa ya kufungua kifua, makohozi yakalegea na kuchukuliwa. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2005, yalionyesha kwamba sampuli moja iliyopatikana hivyo ilitoa majibu yanayokaribiana na ya sampuli tatu za tumboni.

Katika kazi hiyo, chumvi inasaidia ugonjwa uonekane. Kuutibu ni kazi ya dawa nyingine.

Kikohozi kimoja, magonjwa mengi

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani, OMS, ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu. Dawa zake hutolewa bure kupitia mpango wa kitaifa, na tiba ya kawaida huchukua miezi 6. Mgonjwa asiyetibiwa huendelea kukohoa katika chumba kimoja na watoto wake, msikitini, kanisani na sokoni. Kila wiki anayoitumia kujifukiza ni wiki ya kuwaambukiza wengine bila kujua.

Kwa watoto walio chini ya miaka 5, tishio kubwa ni nimonia. OMS inakadiria kwamba mwaka 2019 nimonia iliua watoto zaidi ya 740,000 duniani, sawa na asilimia 14 ya vifo vyote vya watoto wa umri huo. Nimonia inayosababishwa na bakteria hutibiwa kwa amoksisilini, dawa ya bei nafuu iliyopo kwenye orodha ya dawa muhimu. Mtoto wa nimonia hana wiki za kusubiri. Anaweza kuzidiwa ndani ya siku mbili.

Kisha kuna moshi. Karibu kila nyumba ya vijijini Kasongo na Kabambare hupika kwa kuni au makaa, mara nyingi katika jiko lisilo na dirisha. Kwa makadirio ya OMS, moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka 5. Mama aliyepika miaka 30 juu ya mafiga matatu anaweza kuwa na mapafu kama ya mvutaji sigara, ingawa hajawahi kuweka sigara mdomoni. Mtoto aliyefungwa mgongoni mwake wakati anapika huvuta moshi huohuo.

Wilaya ya Kabambare ina jambo lake la ziada. Maeneo ya Namoya na Salamabila ni ya dhahabu, na dhahabu nyingi huwa ndani ya mawe meupe magumu. Mawe hayo yakipondwa na kusagwa yakiwa makavu hutoa vumbi la silika, jembamba kiasi kwamba halionekani. Vumbi hilo hukaa mapafuni na kuyafanya magumu. Ugonjwa wake, silikosisi, hauna dawa ya kuuondoa, na humweka mchimbaji katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Hakuna mvuke wala chumvi inayoweza kuyatoa mawe mapafuni. Kinachosaidia ni kuzuia: kulowesha mawe kabla ya kuyaponda, kufanyia kazi mahali penye upepo, na kuwaweka watoto na akina mama wajawazito mbali na sehemu za kusagia.

Mvuke nao una mipaka

Kujifukiza kulipata umaarufu mpya wakati wa korona. Katika nchi jirani ya Tanzania, mwaka 2020, viongozi wa juu wa serikali waliwahimiza wananchi kujifukiza, na neno "nyungu" likawa mdomoni mwa kila mtu. Katika Kongo pia, majani yalichemshwa katika nyumba nyingi.

Mvuke wa uvuguvugu unaweza kumpa mtu mzima mwenye mafua nafuu ya muda, kwa sababu hulainisha makamasi. Lakini uchambuzi wa Cochrane kuhusu mvuke na mafua haukuona faida ya kutegemewa. Kutia chumvi katika maji yanayochemka hakubadilishi mengi, kwa kuwa maji yanapogeuka mvuke, chumvi hubaki ndani ya sufuria. Anayejifukiza kwa maji ya chumvi huvuta mvuke wa maji tu.

Hatari ya kweli ni maji ya moto yenyewe. Mtoto akifunikwa kitenge juu ya sufuria, akashtuka au akasukuma, maji humwagika kifuani na mapajani. Hospitali za nchi mbalimbali zimeripoti watoto walioungua vibaya kwa njia hiyo. Mtoto mwenye pumu au nimonia hukosa hewa chini ya kitambaa, na mzazi anaweza kudhani anatulia kumbe anachoka. Watoto wasifukizwe.

Chupa ya plastiki inayoshinda chumba cha chumvi

OMS inakadiria kwamba watu milioni 262 walikuwa na pumu mwaka 2019, na kwamba ugonjwa huo uliua watu 455,000. Vifo vingi hutokea katika nchi maskini, ambako wagonjwa hawajui kwamba wana pumu au hawapati dawa. Dawa zenyewe zinajulikana. Kuna salbutamoli, inayofungua njia za hewa kwa dakika chache, na kuna dawa za kuvuta za jamii ya steroidi, kama beklometasoni na budesonidi, zinazotuliza uvimbe wa ndani siku kwa siku. Zote ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya OMS.

Kosa linalofanyika sana ni kutegemea salbutamoli peke yake. Mgonjwa huvuta, akapata nafuu, akasahau, huku uvimbe ukiendelea. Tangu mwaka 2019, mwongozo wa kimataifa wa pumu hauungi mkono tena kumtibu mtu mzima au kijana kwa salbutamoli pekee bila dawa ya kutuliza uvimbe. Mgonjwa anayeimaliza pampu yake upesi anapaswa kurudi kwa mhudumu wa afya, asinunue nyingine tu.

Kosa la pili ni namna ya kuvuta. Mtoto hawezi kulinganisha pumzi yake na mpulizo wa pampu, na dawa nyingi hubaki mdomoni. Hospitali za nchi tajiri hutumia kifaa cha katikati, kama kopo, kinachoishika dawa kwanza ili mtoto aivute taratibu. Kifaa hicho ni ghali na ni adimu. Mwaka 1999, watafiti wa Cape Town walichapisha katika jarida la The Lancet jaribio lililoonyesha kwamba chupa ya kawaida ya plastiki ya mililita 500 iliwafanyia watoto wenye shambulio la pumu kazi sawa na kifaa cha dukani.

Chupa hiyo huoshwa kwa maji ya sabuni na kuachwa ikauke kwa hewa, bila kufutwa. Chini yake hutobolewa tundu lenye umbo la mdomo wa pampu, kwa waya uliopashwa moto, na pampu huingizwa hapo ikakaza bila kupitisha hewa. Mtoto huweka midomo kwenye shingo ya chupa. Pampu hutikiswa, hubonyezwa mara moja, na mtoto hupumua taratibu mara 5 au 6 kabla ya mpulizo mwingine. Kwa mtoto mdogo, mhudumu huunganisha kinyago. Chupa za maji na za soda zipo Kasongo na zipo Kabambare. Kinachotakiwa ni pampu na mtu wa kuonyesha.

Kupunguza moshi ni nusu nyingine ya tiba. Kutoboa dirisha jikoni au kuinua paa kidogo ili moshi utoke, kutumia kuni zilizokauka vizuri, kupikia nje mvua isiponyesha, na kumwacha mtoto mahali pengine wakati wa kupika ni hatua zisizohitaji fedha nyingi. Jiko lililoboreshwa husaidia zaidi pale linapopatikana.

Mji uliowahi kuuliza swali gumu

Kasongo si mgeni katika mambo ya utafiti wa afya. Katika miaka ya 1970, madaktari wa Zaire ya wakati huo, wakishirikiana na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, walijenga huko mfumo wa vituo vidogo vya afya vinavyozunguka hospitali moja ya rufaa. Mfumo huo ulikuwa miongoni mwa mifano iliyochangia wazo la zoni za afya, ambazo leo ni 519 nchi nzima. Maniema peke yake ina zoni 18, zikiwemo Kasongo, Kunda, Samba, Kabambare, Lusangi na Saramabila.

Mwaka 1981, timu ya Kasongo ilichapisha katika The Lancet utafiti kuhusu chanjo ya surua, ugonjwa ambao mara nyingi huua kwa kuleta nimonia. Haikuridhika kuuliza kama chanjo inazuia surua. Iliuliza kama watoto waliochanjwa waliendelea kuishi, au kama walikufa baadaye kwa magonjwa mengine. Swali hilo lilizua mjadala duniani, na tafiti za nchi nyingine zikaja kuthibitisha kwamba chanjo hiyo huokoa maisha ya watoto wengi.

Kipimo hichohicho kinafaa kwa kila tiba ya kifua inayotangazwa leo, iwe ni chumba cha chumvi, mafuta ya kuchua au mizizi ya kuchemsha. Kusikia nafuu usiku mmoja hakutoshi. La kuuliza ni kama mgonjwa anayeitumia anapumua vizuri zaidi baada ya miezi 6, na kama bado yuko hai.

Dalili zisizosubiri

Mtu yeyote anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi anapaswa kupimwa kifua kikuu, hasa akiwa na homa, jasho la usiku, kupungua uzito au damu katika makohozi.

Kwa mtoto, mzazi anaweza kuhesabu pumzi kwa dakika moja kamili, mtoto akiwa ametulia. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kwa wa miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Kwa wa mwaka 1 hadi miaka 5, ni 40 au zaidi. Mtoto ambaye kifua kinaingia ndani anapovuta pumzi, asiyeweza kunyonya au kunywa, au anayelala bila kuamka vizuri, apelekwe kwenye kituo cha afya saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Mgonjwa wa pumu anayeshindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, au ambaye pampu haimpi nafuu, naye asisubiri.

Kusukutua koo kwa maji ya chumvi kunaweza kuendelea, kwa kuwa hakumdhuru mtu mzima na hakugharimu kitu. Matone ya chumvi ya kipimo sahihi yanaweza kumsaidia mtoto aliyeziba pua. Lakini kikohozi kikizidi wiki mbili, au pumzi zikienda mbio, familia ya Kasongo au Kabambare itafute pikipiki ya kwenda kwenye kituo cha afya, na fedha ambayo ingenunua tiba ya chumvi ilipe safari hiyo.